Jezi ya Kale au Nakala ya Jana? Sayansi ya Kupambanua Masalio ya Michezo Minadani

Tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca jijini Mexico, timu ya Argentina iliifunga Uingereza mabao 2 kwa 1 katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Mabao yote mawili ya Argentina yalifungwa na Diego Maradona katika kipindi cha pili: la kwanza kwa mkono, la pili kwa mbio zilizoanzia katika nusu ya uwanja wa timu yake mwenyewe. Mchezo ulipokwisha, mchezaji wa Uingereza, Steve Hodge, alibadilishana jezi na Maradona. Jezi hiyo ilikaa miaka mingi katika jumba la makumbusho ya kandanda nchini Uingereza, na tarehe 4 Mei 2022 iliuzwa na kampuni ya Sotheby's, katika mnada uliofanyika kwa njia ya intaneti, kwa pauni 7,142,500.

Kabla ya mnada kukamilika ulizuka ubishi. Binti wa Maradona alitangaza hadharani kwamba jezi aliyopewa Hodge ilikuwa ile iliyovaliwa katika kipindi cha kwanza, ambacho hakikuwa na bao lolote. Msomaji na alitazame vema swali hilo. Hakuna aliyedai kwamba jezi ilikuwa ya kughushi. Kitambaa kilikuwa kile kile, nambari ilikuwa 10, na jasho lililokaukia humo lilikuwa la mtu yule yule. Kilichobishaniwa ni dakika 45 tu. Je, upo uchunguzi unaoweza kutenganisha jezi mbili zilizonunuliwa pamoja na kuvaliwa na mtu mmoja siku moja?

Upo, na tutaurudia. Lakini kabla ya kuufikia, hapana budi kueleza mambo kadhaa ya msingi, kwa sababu biashara ya masalio ya michezo imehamia katika minada ya intaneti, ambako mnunuzi hakishiki kitu, hakinusi wala hakigeuzi. Huona picha, husoma maelezo ya muuzaji, kisha hutoa dau. Fizikia, kemia na hisabati zinazofundishwa katika shule za sekondari zatosha kumpa mnunuzi huyo silaha nyingi kuliko anavyodhani.

Nakala, ghushi, na kitu cha kweli chenye hadithi ya uongo

Si kila nakala ni udanganyifu. Mwaka 1983 kampuni ya Topps ya Marekani ilichapa upya kadi zake za wachezaji wa besiboli za mwaka 1952, ikaziuza waziwazi kama machapisho mapya. Kadi halisi ya mwaka 1952 ina upana wa milimita 67 na urefu wa milimita 95. Ile ya 1983 ina milimita 64 kwa 89. Aliyenunua nakala hiyo dukani hakudanganywa. Udanganyifu huanza pale mtu wa tatu anapoisugua pembe zake, akaichovya katika chai ili ipate rangi ya kahawia, kisha akaipiga picha bila rula kando yake na kuiandika kuwa ni ya 1952. Sababu ya kujisumbua hivyo si ngumu kuitambua: kadi moja halisi ya mchezaji Mickey Mantle ya mwaka huo iliuzwa kwa dola milioni 12.6 mwezi Agosti 2022.

Hapa hesabu ndogo yaweza kusaidia hata pasipo rula. Mnunuzi akipima kadi katika picha na kugawanya urefu kwa upana, kadi halisi itatoa 1.43 na nakala itatoa 1.40. Tofauti hiyo ni ndogo, na picha iliyopigwa kwa kuinamisha kamera huweza kuivuruga kabisa. Kwa hiyo kipimo hiki kina maana pale tu pembe zote nne za kadi zinapoonekana katika picha kuwa nyuzi 90. Muuzaji anayeulizwa kwa adabu alete picha iliyopigwa wima, yenye rula, naye akakataa mara tatu, amekwisha kutoa jibu la namna yake.

Aina ya pili ni kitu halisi kilichotengenezwatengenezwa. Mfano mashuhuri ni kadi ya mchezaji Honus Wagner, iliyotolewa na kampuni ya tumbaku ya Marekani kati ya mwaka 1909 na 1911. Kadi moja ya aina hiyo, iliyopata kumilikiwa na mchezaji wa magongo ya barafuni Wayne Gretzky, ilisifiwa kwa kingo zake kali zisizochakaa. Wakadiriaji waliipa alama 8 kati ya 10, na mwaka 2007 iliuzwa kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 mkuu wa nyumba ya mnada aliyekuwa ameimiliki zamani alikiri mahakamani kwamba kingo hizo alizikata yeye. Karatasi ilikuwa ya kweli, na wino pia. Usafi wake ndio uliokuwa wa uongo. Kitu chenye umri wa miaka 80 ambacho hakikuzeeka mahali popote chapasa kutiliwa shaka kama vile kilichozeeka kila mahali kwa kiasi kilekile.

Aina ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote, ni kitu cha kweli kilichovikwa hadithi isiyo yake. Jezi ya Azteca ilituhumiwa kuwa ya kundi hili.

Hoja moja inayopinga

Mwanafunzi wa sayansi hufundishwa kwamba majaribio mia yanayokubaliana na dhana hayaithibitishi moja kwa moja, bali jaribio moja linaloipinga huweza kuiangusha. Kanuni hiyo ndiyo roho ya kazi hii. Mchunguzi mwema haulizi, "Kitu hiki kinafanana na cha kweli?" Mghushi hodari amekwisha kuhakikisha kwamba kinafanana. Huuliza, "Je, kimo ndani yake kitu chochote ambacho hakikuwako duniani siku hiyo?"

Chukua mpira wa besiboli unaodaiwa kutiwa saini na Lou Gehrig, mchezaji maarufu wa New York. Gehrig alifariki tarehe 2 Juni 1941. Kalamu ya wino mzito yenye kijipira nchani, ambayo leo kila mwanafunzi anayo mfukoni, ilisajiliwa na László Bíró mwaka 1938, lakini haikuanza kuuzwa katika maduka ya Marekani mpaka mwezi Oktoba 1945. Saini ya Gehrig kwa kalamu hiyo haiaminiki hata kidogo, iwe nzuri namna gani. Mwenzake Babe Ruth, aliyefariki mwaka 1948, angeweza kuitumia, na kwa hiyo kalamu pekee haitoshi kumtia hatiani muuzaji wa saini ya Ruth. Lakini mpira wenyewe waweza kutosha. Mipira rasmi ya ligi ilichapwa jina la rais wa ligi. Joe Cronin alikuwa rais wa Ligi ya Amerika kuanzia mwaka 1959 hadi 1973. Mpira wenye jina lake na saini ya Ruth juu yake ulitiwa saini na mtu aliyekwisha kuzikwa zaidi ya miaka kumi.

Nguo nazo zina tarehe zake. Nailoni ilitangazwa kwa umma mwaka 1938. Poliesta iligunduliwa Manchester mwaka 1941, na haikuingia madukani kwa wingi mpaka miaka ya 1950. Jezi inayosemwa kuwa ya Kombe la Dunia la mwaka 1930, ikiwa imeshonwa kwa uzi wa poliesta, hujishtaki yenyewe kwa mshono wake. Wengi huchunguza kitambaa na nembo wakasahau uzi, na waghushi wengi husahau vilevile.

Mwanga usioonekana

Katika chombo cha mchunguzi, kitu cha thamani kuliko bei yake ni taa ndogo ya miale ya urujuanimno, ya aina ile inayotumiwa madukani na katika mabenki kukagulia noti. Ili kuelewa kazi yake, yafaa kukumbuka jinsi nguo nyeupe zilivyofuliwa zamani. Mama wa nyumbani alitia buluu katika maji ya mwisho ya kusuuza. Nguo kuukuu huwa na umanjano kwa sababu hufyonza sehemu ya mwanga wa buluu. Ile buluu ya kufulia ilifyonza sehemu ya mwanga wa manjano, mizani ikarejea, nguo ikaonekana nyeupe ijapokuwa imefifia kidogo.

Dawa za kisasa za kung'arisha weupe hutenda kwa njia nyingine. Molekuli zake hufyonza miale ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 340 hadi 370 hivi, ambayo jicho haliioni, kisha huitoa nishati hiyo kama mwanga wa buluu wa nanomita 420 hadi 470. Sehemu ya nishati hupotea kama joto, ndiyo maana wimbi linalotoka huwa refu kuliko lililoingia. Nguo au karatasi yenye dawa hiyo hurudisha mwanga unaoonekana mwingi kuliko ulioipiga. Chini ya taa ya urujuanimno katika chumba cha giza, huwaka kwa rangi ya buluu kali.

Dawa hizi zilienea katika viwanda vya karatasi na sabuni baada ya Vita Kuu ya Pili, hasa kuanzia miaka ya 1950. Karatasi ya mwaka 1910 haina. Mwaka 1983 gazeti la Stern la Ujerumani lilitangaza kupatikana kwa shajara za Hitler; wachunguzi walipoyaangalia madaftari hayo walikuta dawa ya kung'arisha katika karatasi na nyuzi za poliesta katika jalada, na mambo yakaishia hapo. Kadi ya tumbaku ya mwaka 1909 inayowaka kama shati jipya imepata ajali ileile.

Hata hivyo, taa hiyo isifanywe kuwa hakimu. Jezi halisi ya mwaka 1935 iliyofuliwa mara moja tu kwa sabuni ya unga ya siku hizi itawaka kwa nguvu, kwa maana dawa ya sabuni imeng'ang'ania nyuzi zake. Kwa karatasi hatari hiyo ni ndogo, kwani hakuna afuaye kadi; lakini kwa kitambaa ni kubwa sana. Upande wa pili, karatasi zisizo na dawa bado zinatengenezwa, na mghushi mwenye subira hununua vitabu vya kale ili apate kurasa tupu za mbele na nyuma. Kuwaka kwa karatasi inayodaiwa kuwa ya 1909 ni hoja nzito dhidi yake. Kutowaka kwake si ushahidi wa kutosha.

Palipo na fedha nyingi, upo uchunguzi mkali zaidi. Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani yaliongeza kaboni-14 hewani, na kufikia mwaka 1963 hivi kiasi chake katika nusu ya kaskazini ya dunia kilikaribia kuwa maradufu. Mmea wa pamba hujenga nyuzi zake kwa kaboni ya hewa ya mwaka uliomea. Pamba yenye ziada hiyo haikuweza kuvunwa kabla ya majaribio hayo. Kwa njia hiyo, mwaka 2014, wanafizikia wa Italia walionyesha kwamba turubai ya mchoro uliodaiwa kuwa wa Fernand Léger, aliyefariki mwaka 1955, ilitokana na mmea uliovunwa baada ya mwaka 1959. Njia hii hudai kukatwa kwa kipande cha kitu chenyewe, na hakuna muuzaji wa intaneti atakayekiruhusu kabla ya kulipwa.

Vitone

Mwalimu mwenye lenzi ya mkono ya maabara ya biolojia aweza kuwaonyesha wanafunzi wake somo zima la uchapaji kwa dakika tano. Picha ya rangi ya gazeti ikitazamwa kwa lenzi huvunjika kuwa vitone vya rangi nne: buluu-kijani, waridi, manjano na nyeusi, vilivyopangwa kama maua madogo. Kadi za tumbaku za mwanzo wa karne ya 20 zilichapwa kwa lithografia, kila rangi kwa zamu yake, na jina la mchezaji lilichapwa kwa wino mmoja wa kahawia, mstari mzima usiokatika. Anayenakili kadi hiyo kwa kupiga picha na kuchapa upya hulazimika kuitengeneza hata hiyo kahawia kwa vitone vya rangi nne. Basi mchunguzi huanza na maandishi, si na picha. Herufi za jina zikionekana chini ya lenzi kuwa mkusanyiko wa vitone, hiyo ni nakala.

Je, jambo hili laweza kuonekana katika picha ya mnada? Ni suala la hesabu. Uchapaji wa siku hizi aghalabu huweka vitone 6 hivi katika milimita moja, yaani kila kitone na nafasi yake huchukua milimita 0.17. Kadi ya tumbaku ina upana wa milimita 36.5. Picha ya mnada yenye nukta 400 kwa upana huipa kila nukta milimita 0.09, na hivyo kitone kimoja hupata chini ya nukta mbili. Hapo vitone havionekani. Pengine huzuka mawimbi ya ajabu yasiyokuwapo kwenye kadi. Picha yenye nukta 1,600 hukipa kila kitone nukta saba na zaidi, nacho huonekana bayana. Tofauti kati ya muuzaji mwaminifu na mwingine mara nyingi huwa katika ukubwa wa picha anayokubali kuituma.

Rudi Azteca

Sasa ile jezi. Siku chache kabla ya mchezo, kocha wa Argentina, Carlos Bilardo, aliona kwamba jezi za ugenini walizokuwa nazo ni nzito mno kwa joto la Mexico. Zikanunuliwa nyingine katika duka la jijini humo, nembo zikashonwa kwa haraka, na nambari za rangi ya fedha zikabandikwa kwa joto. Kazi ya haraka ya mikono ndiyo iliyookoa historia. Kiwanda hufanya vitu vifanane. Mkono wa mtu mwenye haraka hauwezi. Nembo moja iliinama kidogo, nambari nyingine ikapanda juu ya mistari ya kitambaa mahali tofauti.

Njia iliyotumika ni kulinganisha jezi na picha zilizopigwa uwanjani wakati wa mchezo. Wachunguzi hutafuta mahali ambapo vitu viwili vilivyotengenezwa mbalimbali vinakutana: ukingo wa nambari na mstari wa kitambaa, uzi wa nembo na mshono. Kila makutano yana nafasi nyingi zinazowezekana. Ikiwa makutano moja yana nafasi 10 zinazoweza kutofautishwa, na mengine vivyo hivyo, makutano manne yasiyotegemeana hutoa michanganyiko 10,000. Jezi ya mnada ililinganishwa na picha za kipindi cha pili, za mabao yote mawili, ikaonekana kwamba nembo, mistari na nambari zinapatana. Dai la kipindi cha kwanza likashindwa kwa mshono wa fundi asiyejulikana.

Kwa njia hiyohiyo jezi ya Babe Ruth ya mwaka 1932, ambayo iliwahi kuuzwa kwa chini ya dola milioni moja mwaka 2005, iliuzwa kwa dola milioni 24.12 mwezi Agosti 2024, baada ya picha kuiweka katika mchezo mmoja wa fainali za mwaka huo.

Hati ya uthibitisho ni nini?

Wanunuzi wengi huridhika wakiona hati yenye muhuri unaometameta. Hati hiyo ni karatasi, nayo hughushiwa kwa urahisi kuliko kitu inachokithibitisha. Katika miaka ya 1990 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliendesha uchunguzi ulioitwa Bullpen dhidi ya waghushi wa saini za wanamichezo, na kuwavamia mwezi Oktoba 1999. Mchezaji Tony Gwynn wa San Diego alikuwa ameona saini zikiuzwa kama zake, naye hakuziandika. Miongoni mwa vitu vilivyokamatwa vilikuwamo mipira ya besiboli iliyotiwa saini ya Mama Teresa. Kalamu ya mghushi haichoki, na wakati mwingine husahau hata kufikiri.

Saini ya kweli huandikwa kwa mwendo. Mkono hutua ukiwa tayari unakwenda, na huondoka kabla haujasimama, hivyo ncha za mistari huwa nyembamba. Anayenakili huchora polepole. Mistari yake huanza na kuisha butu, hutetemeka kwenye mizunguko, na kalamu huinuliwa mahali ambapo mwenye saini hakuwahi kuiinua. Mambo hayo hulingana na kasi, na kasi haighushiki kwa urahisi kama umbo.

Hata kipimo kizuri chahitaji kutafsiriwa kwa hesabu. Tuchukue, kwa mfano tu, kwamba katika soko fulani jezi 20 kati ya 100 ni halisi, na kwamba uchunguzi hunasa bandia 9 katika kila 10 na kuzipitisha halisi 19 katika kila 20. Bandia 8 zitapita, na halisi 19 zitapita. Jumla ya zilizopita ni 27, na karibu asilimia 30 ya hizo ni bandia. Mnunuzi asemaye "imepimwa kwa kipimo cha asilimia 90" hajui kwamba anacheza bahati nasibu. Thamani ya hati hutegemea pia uchafu wa soko ilimotolewa.

Dawa ya tatizo hili huanzia nyumbani, mapema. Tanzania imepata medali mbili za Olimpiki hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024, zote za fedha, zote katika Moscow mwaka 1980: Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Lakini wanariadha na wanakandanda waliovaa rangi za taifa katika miaka ya 1970 na 1980 ni wengi, na viatu, fulana na vikombe vyao vimo masandukuni. Picha iliyopigwa leo mwenye kitu akiwa bado hai, akikishika, pamoja na tarehe na maelezo aliyoyaandika kwa mkono wake, itakuwa na nguvu kuliko maabara yoyote baada ya miaka 40.

Majaribio ya darasani

1. Kusanya karatasi ya daftari jipya, gazeti, ukurasa wa kitabu kilichochapwa kabla ya mwaka 1950, na shati jeupe la shule. Zitazame gizani chini ya taa ya kukagulia noti, bila kuitazama taa yenyewe. Fua kipande cha kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi nusu kwa sabuni ya mche na nusu kwa sabuni ya unga, kisha uvilinganishe. Eleza matokeo hayo yana maana gani kwa mnunuzi wa jezi.

2. Wanafunzi kumi waandike saini zao mara tano kila mmoja, kisha wabadilishane na kujaribu kughushi. Changanya karatasi zote. Je, lenzi yaweza kuzitenganisha? Ni makosa mangapi yaliyofanyika ya kila upande?

3. Katika mfano wa jezi 100 uliotolewa juu, uchunguzi wa pili usiotegemea ule wa kwanza, wenye uwezo uleule, unafanywa kwa jezi 27 zilizopita. Tafuta asilimia ya bandia zitakazobaki. Kisha eleza kwa nini kurudia kipimo cha taa ya urujuanimno mara mbili hakutoi jibu hilo.